Mjomba wa Ughaibuni anajibu: kiapo cha Mfalme, binti wa Newport na babu aliyezaliwa chini ya Mwingereza

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Mwezi huu maswali ya uraia wa Uingereza yamezidi hata ya ndoa, na kwa kolamu hii hayo ni maajabu. Nahisi ni zile habari za Mei 2025, serikali iliposema inataka kurefusha safari ya kupata ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 mpaka 10, ndo zimewatia watu kiwewe. Nimechagua saba, nyingine nimezikata maana kuna mtu kaandika kurasa nne na swali liko mstari wa mwisho kabisa. Majina nimeyatoa.

Mjomba shikamoo. Mimi ni dada wa Likoni, nafanya kazi ya kea, kuwatunza wazee na wagonjwa, hapa Leicester. Nausomea huu mtihani wa uraia, Life in the UK, mpaka kichwa chaniuma, mara wake sita wa Mfalme Henry wa Nane, mara vita vya nani na nani. Kisha kuna hayo maadili ya Kiingereza, kwani sisi tulilelewa bila maadili? Na mwisho ati niape kwa Mfalme, mimi ni Muislamu, mume wangu yuaniambia hiyo ni shirki. Nifanyeje?

Marahaba mpwa wangu na pole na shifti za usiku. Tuanze na mtihani maana huo ndo mwepesi. Ni maswali 24, dakika 45, unatakiwa upate 18, ada paundi 50, na ukifeli unasubiri siku 7 unarudia lakini unalipa tena. Karibu wote ninaowajua waliofeli walifeli kwa dharau, anakwambia mimi nimebeba boksi nchi hii miaka kumi naijua yote, sasa boksi gani limewahi kumfundisha mtu kwamba Magna Carta, ile hati ya kumbana mfalme kwa sheria, ni ya 1215? Kitabu ni toleo la tatu, la 2013, kisome mara mbili, maswali ya mazoezi yafanyie kwenye simu ukiwa ndani ya basi, utapita tu. Wenyewe wanajua kuna vichekesho humo, kamati ya House of Lords, lile bunge la juu, ilishasema mwaka 2022 kwamba mtihani huo unahitaji kurekebishwa, na mimi niliwahi kuwaomba majirani zangu wawili Waingereza wanitajie hao wake wa Henry, walifika wa tatu wakaanza kugombana wao kwa wao.

Sasa maadili. Kitabu kinataja demokrasia, utawala wa sheria, uhuru wa mtu binafsi, kuwavumilia watu wa dini na imani nyingine, na kushiriki mambo ya jamii unayoishi. Unauliza kwetu hayapo? Yapo. Fungua Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 10, utakuta utawala wa sheria, demokrasia, haki za binadamu, vyote vimepangwa, wakati Uingereza yenyewe haina katiba ya kitabu kimoja, ina sheria huku na huku, kuna ya haki ya 1689, kuna ya haki za binadamu ya 1998, zingine ni mazoea tu. Na orodha yenyewe si ya kale kama inavyosomwa kwa sauti nzito, ile wanayoitumia mashuleni ilitoka kwenye sera ya serikali ya mwaka 2011 ya kuzuia siasa kali, halafu 2014 baada ya lile sakata la shule za Birmingham, la madai kwamba watu wa msimamo mkali wa dini wanataka kuzishika, ndo shule za England zikaagizwa kuifundisha. Orodha ya juzi hiyo. Kwa hiyo usiisome kama mtu anayefundishwa adabu upya ukubwani.

Ila sitakudanganya, pale kwenye uhuru wa mtu binafsi mimi mwenyewe palinichukua miaka kupaelewa. Sisi haki tunazijua sana lakini tunazijua kwa uhusiano, haki ya mzazi, haki ya jirani, haki ya mgeni, mpaka maiti ana haki zake. Hawa wanaanza na mtu mmoja. Yule mtu mmoja akisema hapana, hata kama ukoo mzima umekaa kikao ukasema ndiyo, sheria inasimama upande wake, awe mke, awe binti, awe mtu aliyeacha dini ya baba yake, awe mtu ambaye hatumpendi hata kidogo. Wengi wetu tunaitaka pasipoti lakini hicho kipengele tungependa kibaki mezani kwa afisa. Hakibaki, kinakuja nacho nyumbani, utaona kwenye barua inayofuata.

Kuhusu kiapo, sherehe hizi zilianza Februari 2004, ya kwanza ilifanyika Brent, London, kabla ya hapo cheti kilikuwa kinakuja tu kwa posta kama bili ya maji. Unapewa uchague, kuna maneno ya kuapa kwa Mwenyezi Mungu na kuna tamko rasmi lisilotaja Mungu wala dini, yote mawili sheria inayahesabu sawa na hakuna anayekuuliza kwa nini umechagua hili. Unaahidi utii kwa Mfalme Charles, warithi wake, kwa mujibu wa sheria. Halafu kuna ahadi ya pili watu wote wanaisema, kwamba utakuwa mwaminifu kwa nchi, utaheshimu haki na uhuru wake, utazilinda tunu zake za kidemokrasia, utafuata sheria na kutimiza wajibu wako. Hakuna mahali unasema utamwabudu mtu. Mimi si mufti, la shirki muulizeni sheikh mnayemwamini, ila ujue kuna wabunge wa Uingereza wanaotaka ufalme ufutwe kabisa na bado waliapa kwa Mfalme ndo wakakaa kwenye viti vyao. Ukishaapa ruhusa ya kumpinga unabaki nayo, kwa maneno na kwa kura. Mumeo mwambie aje naye kwenye sherehe, kuna chai na biskuti sehemu nyingi na picha ya Mfalme ya kupigia picha.

Na moja la nyongeza ambalo hukuniuliza. Haki za msingi hazisubiri hiyo siku ya biskuti. Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, iliyoanza kazi Oktoba 2000, inamlinda kila aliyeko kwenye nchi hii, mwenye viza, mwenye uraia, hata asiye na karatasi. Kuna bosi atakwambia nyie wa viza hamna haki. Muongo huyo.

Mzee mwenzangu, salamu kutoka Newport, Wales. Mimi mtu wa Mwanza, nina binti wa miaka 15 kazaliwa huku. Siku hizi kila nikisema neno ananijibu ni haki yangu, shuleni wamemfundisha. Simu nikimnyang'anya ni haki yangu, kuvaa anavyotaka ni haki yangu. Wiki iliyopita nilimzaba kofi moja tu, akasema ataniripoti. Mdogo wangu yuko Bristol anasema sheria inaruhusu kofi la malezi. Nafikiria nimpeleke kijijini kwa bibi yake mwaka mmoja akanyooke. Unasemaje?

Mzee mwenzangu, keti. Kwanza mdogo wako na wewe mnatenganishwa na daraja la Severn, na hapo katikati ya daraja sheria inabadilika. Kwa Kiswahili tunaita yote Uingereza ndo maana tunachanganyikiwa. Wales, tangu tarehe 21 Machi 2022, kumpiga mtoto kwa namna yoyote ni kosa, kofi moja au kumi hesabu ni moja. Scotland walitangulia, Novemba 2020. England bado kuna utetezi wa "adhabu ya kiasi" kwa mzazi, ila ukiacha alama utetezi huo unaota mbawa. Kwa hiyo la Bristol lisikuponze Newport. Binti yako hakutishi bure, anaijua sheria kuliko wewe, na hilo kosa si lake.

Sasa na mimi nina la kusema kuhusu hiyo haki yangu yake, maana watoto wanaichukua nusu. Kumnyang'anya simu saa nne usiku si kuvunja haki za binadamu. Kumwambia awe nyumbani saa fulani, kumkataza kwenda disko, kumlazimisha aoshe vyombo, hayo yote mzazi unayo, sheria ya huku inakupa jukumu la uzazi mpaka afike 18, na ukimuachia tu azurure usiku ndo utaona soshal sevisi, maafisa wa ustawi wa jamii, wanakugongea mlango kwa sababu nyingine. Alichonacho yeye ni kusikilizwa, kutopigwa, na faragha fulani ambayo kwetu ni ngeni. Mfano daktari. Akienda peke yake na daktari akaona ana akili ya kuelewa matibabu, daktari anaweza kumtibu bila kukwambia, hiyo ni hukumu ya 1985 ya mahakama ya juu ya wakati ule, na akifika 16 idhini ya matibabu ni yake mwenyewe. Nilipoambiwa hilo mara ya kwanza kwa binti yangu nilihisi kama nimenyang'anywa mtoto. Halafu nikakumbuka mimi nikiwa na miaka 15 Muheza nilikuwa na mangapi baba hayajui, tofauti ni kwamba mimi sikuwa na daktari wa kumuuliza.

Na usifikiri ni mambo ya wazungu peke yao. Mkataba wa haki za mtoto Tanzania iliuridhia 1991, mwaka uleule na Uingereza, na Bongo ina Sheria ya Mtoto tangu 2009. Tunachokiona huku ni utekelezaji tu, huko karatasi ziko kabatini.

Hilo la kijijini, mzee wangu, tafadhali. Mtoto wa Newport aliyezoea kuulizwa maoni yake, umtupe kwa bibi ambaye hajawahi kukaa naye, bila yeye kutaka, atajifunza jambo moja tu, kwamba baba hakuaminika. Nimewaona waliopelekwa, wakirudi wanaongea Kisukuma kizuri na hawaongei na baba zao. Na ikiwa huko kuna mjomba ana mpango wa posa, ufute leo, kumlazimisha mtu ndoa ni jinai tangu 2014, kifungo mpaka miaka 7, na kumsafirisha nje kwa ajili hiyo hakukuokoi. Kwa England na Wales ndoa chini ya miaka 18 haipo kabisa tangu Februari 2023, hata mzazi akikubali, hata binti mwenyewe akikubali.

Ushauri wangu, muombe radhi kwa lile kofi. Najua ni maneno mazito kwa mtu wa Mwanza. Muombe, halafu mwambie na yeye sheria za nyumba hii ni hizi na hizi, ziandikeni mbandike kwenye friji, simu inalala sebuleni, zako na wewe ziwepo, maana akiona baba naye anafuata sheria ya friji atanyamaza mwenyewe.

Mambo Mjomba. Niko Mombasa, miaka 26. Babu yangu alizaliwa Old Town 1938 wakati wa Mwingereza, ana cheti cha kuzaliwa chenye nembo ya kikoloni. Kuna jamaa ameniambia kwa laki mbili ananitolea pasipoti ya Uingereza kwa damu ya babu. Ni kweli?

Poa. Laki mbili zako zikae hapo hapo zilipo.

Hadithi ni tamu lakini mwisho wake si pasipoti. Babu yako kwa sheria hata hakuzaliwa kwenye koloni. Mombasa ilikuwa kwenye ule ukanda wa pwani wa maili kumi ambao ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiuendesha kwa makubaliano ya 1895, kwa hiyo bara ikawa Koloni la Kenya na pwani ikabaki Himaya. Mtu wa Nairobi alihesabiwa raia wa Uingereza na Makoloni, mtu wa Mombasa kama babu yako alihesabiwa mtu anayelindwa na Mwingereza tu, si raia. Zanzibar hivyohivyo, na Tanganyika nayo iliyokuwa chini ya udhamini. Halafu tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru, na kila aliyezaliwa Kenya ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya, akawa Mkenya siku hiyohiyo bila kujaza fomu, na ile hadhi ya Mwingereza ikaisha. Sasa kama imeishia kwa babu wewe utairithi wapi? Ile viza ya ukoo mnayosikia ipo, ila inamtaka mwananchi wa Jumuiya ya Madola ambaye babu au bibi yake alizaliwa Uingereza kwenyewe, na Old Town si Uingereza hata ikiwa na mizinga ya Fort Jesus.

Lakini swali lako limenigusa pahala, maana kuna waliokuwa na pasipoti hiyo kihalali kabisa na bado wakafungiwa mlango. Wahindi wa Kenya. Wengi walizaliwa Kenya lakini wazazi wao walizaliwa India, kwa hiyo uhuru ulipokuja hawakuwa Wakenya moja kwa moja, walipewa miaka miwili wajiandikishe. Wengine walijiandikisha, wengine wakabaki na ya Mwingereza wakiamini Mwingereza ni mtu wa neno lake. Kenya ilipoanza 1967 kubana leseni za biashara na vibali vya kazi kwa wasio raia, wakaanza kuondoka kwenda London, ndege zimejaa. Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwa siku kama tatu tu, ikaanza Machi 1968, kwamba mwenye pasipoti hawezi kuingia bila ruhusa isipokuwa yeye, mzazi au babu yake awe amezaliwa au amepata uraia ndani ya Uingereza. Haikutaja rangi popote, lakini mzungu wa Nakuru babu yake alizaliwa wapi? Na Patel wa Biashara Street je? Sheria ya haraka namna ile sijui kama ilikuwa hata na nafasi ya kupigwa pasi.

Watu wakakaa viwanja vya ndege, wakarushwa nchi moja mpaka nyingine na pasipoti ya nchi inayowakataa mkononi. Kesi ikaenda Ulaya, na mwaka 1973 Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaona kwamba kuwabagua kwa rangi namna ile, katika mazingira yale, ni kuwadhalilisha utu wao. Mwaka kabla ya hapo Idi Amin alikuwa amewapa Wahindi wa Uganda siku 90, na Uingereza ikawapokea kama 28,000, japo kaunsili ya Leicester ilichapa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije kwao. Walikwenda Leicester hivyohivyo, na leo mji unajivunia Diwali. Ilichukua mpaka sheria ya 2002 kwa wale waliobaki na ile hadhi ya juu juu, wasio na uraia mwingine wowote, kuruhusiwa kujiandikisha kuwa raia kamili.

Ndo maana nikisikia maadili ya Kiingereza mimi sicheki wala sipigi magoti. Ni maneno yao wenyewe waliyoandika, na waliowabana kwa maneno hayohayo mpaka yakawa na maana ni pamoja na wauza duka wa kutoka River Road. Huyo jamaa wa laki mbili mpe soda aende.

Habari Mjomba, mwanangu kazaliwa Birmingham, ana miaka 9, mimi sikuwa na karatasi wakati namzaa. Watu wananiambia ni Muingereza tayari kwa kuzaliwa.

Hapana, hiyo ilikufa tarehe 1 Januari 1983. Tangu siku hiyo mtoto ni raia kwa kuzaliwa kama mzazi mmoja ni raia au ana ukaazi wa kudumu. Lakini usilie, akitimiza miaka 10 akiwa ameishi hapa miaka yote hiyo, na safari za nje hazizidi siku 90 kwa mwaka, anaandikishwa kwa haki yake mwenyewe, karatasi zako wewe haziulizwi. Na ukipata ukaazi wa kudumu kabla hajafika 18 njia nyingine inafunguka. Ada mwaka 2025 ilizidi paundi 1,000, ila tangu 2022 asiyeweza kulipa anaomba asamehewe. Anza leo kukusanya ushahidi, barua za shule, kile kitabu chekundu cha kliniki, kadi za chanjo, kila mwaka uwe na kitu.

Shikamoo Mjomba. Nesi hapa Manchester, Mtanzania. Nina ukaazi wa kudumu mwaka wa pili, wenzangu Wakenya wanachukua uraia wanaringa na pasipoti mbili. Mimi nikichukua nitapoteza wa kwetu?

Marahaba mwanangu. Ndiyo, utapoteza. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi kitu, ila na wao wakumbuke kutoa taarifa serikalini ndani ya miezi mitatu, wengi hawajui. Tanzania kwa sheria ya 1995 mtu mzima akijichukulia uraia mwingine kwa hiari yake, wa kwetu unakoma. Kile kinachoitwa hadhi maalum kwa diaspora ni kitu kingine, si uraia.

Mimi niliapa 2006, wakati wa Malkia. Mwaka 2009 baba akafariki, nikatua Dar na pasipoti yangu nyekundu, nikasimama foleni ya wageni nikalipa dola 50 ya viza kwenda kumzika baba yangu mzazi Muheza, na kijana wa pale dirishani, mdogo kabisa, akaniambia kwa Kiingereza karibu Tanzania. Nilimjibu kwa Kisambaa, akacheka, akagonga muhuri wa siku 90. Sijawahi kujutia uraia wangu lakini ule muhuri bado nauona.

Kwa hiyo pima. Kwa kubaki na ukaazi wa kudumu unafanya kazi, unakaa, watoto utakaowazaa hapa wanakuwa raia, na hata kura unayo, nitaeleza chini. Unachokosa ni pasipoti, na usalama. Ukikaa nje ya nchi hii zaidi ya miaka miwili mfululizo ukaazi unapotea, na ukifungwa jela miezi 12 au zaidi unaweza kurudishwa. Ukiamua kuchukua, kwa asiye na mume raia ni miaka 5 ya kuishi hapa na ukaazi wa kudumu uwe umetimiza miezi 12, siku za nje zisizidi 450 kwa miaka yote hiyo na 90 kwa mwaka wa mwisho, kwa hiyo zile likizo za Krismasi za wiki sita zihesabu. Ada inapita paundi 1,500. Kiwanja chako cha Kigamboni kwanza kaa na mwanasheria wa ardhi, asiye raia hamiliki ardhi kule kama mwenyeji.

Mjomba, mwaka 2001 nilijilipua, yaani niliomba ukimbizi kwa hadithi ya uongo, nikasema natoka Somalia, jina la kwenye pasipoti si langu. Sasa nataka kurudi jina langu la kweli…

Barua yako nimeichana baada ya kuisoma na hapa nimeacha mstari mmoja tu. Kwa kifungu cha 40 cha sheria ya uraia ya 1981, uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kuondolewa, hakuna muda wa kwisha, na tofauti na makosa mengine hapa wanaweza kukuondolea hata ukibaki bila nchi. Si lazima wafanye hivyo, miaka uliyoishi na watoto ulionao vinapimwa, ndo maana unahitaji mtu anayejua. Usijaze fomu ya jina wewe mwenyewe, usiongee na kishoka wa msikitini wala wa kanisani, kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili ni kosa la jinai huku. Tafuta wakili au mshauri aliyesajiliwa na mamlaka inayoitwa Immigration Advice Authority, zamani OISC, na mwambie ukweli wote, yeye anafungwa na siri yako.

Na wale wanaojiona wako salama kwa kuwa wao majina ni ya kweli, kipo na kipengele cha maslahi ya umma. Shamima Begum alizaliwa London, akaenda Syria akiwa na miaka 15, 2019 akafutiwa uraia kwa hoja kwamba ni raia wa Bangladesh pia kwa upande wa wazazi, nchi ambayo ilisema haimtambui, na Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ikamkatalia tena. Alichofanya sikitetei. Nasema tu kwamba mwenye babu wa Yorkshire pande zote hawezi kufanyiwa hivyo, na mtoto wa mhamiaji mwenye uraia wa pili kupitia wazazi anaweza.

Niaje uncle, mimi mwanafunzi Coventry, natoka Kisumu, viza ya masomo. Kuna msee ananiambia naweza kupiga kura huku. Ananibeba ufala ama?

Hakubebi ufala, ni kweli kabisa. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye viza halali, akiwa na miaka 18, anapiga kura Uingereza, ya kaunsili na ya bunge lote. Mkenya, Mtanzania, Mganda, hata Mnyarwanda tangu waingie 2009. Ndugu zetu wa Congo, Burundi na Somalia hawamo, na Mfaransa aliyekaa London miaka 30 kura ya bunge hana, wewe wa miezi minne unayo. Ukoloni nao una mabaki ya ajabu. Jiandikishe mtandaoni, mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, haikuharibii viza. Ila ukishakuwa kwenye daftari na ukatimiza miaka mitano hapa, usishangae siku moja kupata barua ya kuitwa mahakamani ukae kwenye jopo la watu 12 uamue kesi ya Muingereza, hiyo nayo ni lazima uende. Siku ya kura wanataka kitambulisho chenye picha, na hiyo hiyo pasipoti yako ya Kenya inakubalika.